Somo la Bonde la Mafunjo

Miaka ile nilipokuwa nalitafutia somo langu mahali pa kukaa, mara nyingi niliamka kabla ya jua kutoka nikasikia maji. Nyumba yetu iko Kabuga, nje kidogo ya Kigali, juu ya mteremko, wala hakuna mto karibu. Kuna barabara ya kwenda mashariki, kuna soko, na migomba inayoshuka hadi chini. Hata hivyo niliyasikia maji yakipita polepole katikati ya majani, kama mtu anayepitisha mkono kwenye nguo zilizoanikwa. Nikifumbua macho, sauti inapotea. Nje ukungu umejaa kila bonde na vilima vimebakiza vichwa tu. Chumba cha pili mama yangu anasali kwa lugha tatu, anahama kutoka moja kwenda nyingine bila kujua: Kinyarwanda cha utoto wake, Kinyambo cha Karagwe alikotulelea, na Kiswahili, ambacho hukitumia anapomwomba Mungu jambo la haraka.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Kule waliniita Mnyarwanda. Niliporudi Rwanda nikiwa mtu mzima, wakaniita Mtanzania. Hilo halikuniumiza sana, kwa sababu tulikuwa wengi wa namna hiyo, na tulicheka nalo. Lililonisumbua lilikuwa jingine. Nilisoma historia hadi shahada ya pili, na katika vitabu vyote nilivyofungua sikukuta mahali nilipotoka. Nilikuta Tanzania, nikakuta Rwanda. Mto unaozigawa nilikuta umechorwa kwa mstari mwembamba wa buluu, na juu ya mstari huo kuna mwingine, mweusi, wa mpaka, ulioufunika.

Nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam nilimwambia mhadhiri wangu kwamba nataka kuandika juu ya watu wa bonde la mto Kagera, wa kingo zote mbili kwa pamoja. Alikuwa mtu mwema. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto amevaa viatu vya kushoto miguu yote miwili.

"Pwani kuna kazi ya kufanya," akaniambia. "Hata milimani Kilimanjaro ipo. Lakini huko kwenu kuna nini? Si ni mafunjo tu?"

Niliandika juu ya bandari. Nilipata alama nzuri, na sikumbuki hata sentensi moja ya kazi ile. Mafunjo ninayakumbuka: mashina ya kijani marefu kuliko mtu, kila moja na kichwa chake cha nyuzi, na harufu ya matope yenye joto ukiyapasua. Tukiwa wadogo tuliingia humo kucheza, na baada ya hatua kumi hukumwona mwenzako wala hukujua nchi kavu ipo upande gani.

Nilipopata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja cha Kicukiro, mjini Kigali, wazo lile lilinirudia. Lilikuja hasa saa nane mchana, baada ya chakula, wanafunzi wakiwa wamesinzia na mimi mwenyewe nimesinzia nikiwa nimesimama. Nilikuwa nikieleza habari za falme na mikataba, na ghafla naona nusu ya bonde langu inaishia kwenye ukurasa wa kushoto. Kigali ukitazama mashariki, lile bonde ndio mwisho wa nchi. Dar es Salaam ukitazama magharibi, ndio mwisho wa nchi. Kampala hivyo hivyo, Burundi hivyo hivyo. Nchi nne zimeliweka pembeni mwa karatasi, na kila mtaalamu akifika ukingoni anageuza. Lakini watu wa pale hawakuwahi kuishi pembeni. Wameoana, wameuziana mikeka, wameazimana ng'ombe dume na dawa za mifupa, na maneno yao yamevuka maji tangu zamani. Nilitaka bonde lisomwe likiwa katikati. Si sura moja ndani ya kitabu cha nchi fulani. Nilitaka fani yenye jina lake, maswali yake na walimu wake.

Basi nikaandika pendekezo, nikaitwa mbele ya kamati ya mitaala. Walikutana Kimihurura, katika ofisi yenye dirisha kubwa, na kuba la jumba la mikutano lilionekana nje likielea kwenye mwanga wa asubuhi kama kitu kilichosahaulika pale na watu wa sayari nyingine. Mwenyekiti alikuwa profesa mzee aliyekulia Bujumbura na kusoma kwa Kifaransa, mwembamba, mwenye suti ya kijivu na tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema neno gumu.

Alifuta miwani.

"Mwalimu, nimesoma karatasi yako mara mbili," akasema. "Imeandikwa vizuri. Lakini hii mahali iko wapi?"

Nilieleza. Nilianzia maporomoko ya Rusumo, nikashuka na mto kaskazini kupita maziwa madogo, nikaonyesha Karagwe mkono wa kulia na nyika ya mashariki ya Rwanda mkono wa kushoto, hadi mto unapokunja kuelekea Uganda.

"Hizo ni nchi," akasema. "Rwanda ina watu wanaoisoma. Tanzania pia iko nao."

"Ndiyo maana bonde halisomwi, mzee wangu. Wote wanaishia ukingoni."

Mama mmoja wa kamati, mchumi, akacheka. "Sasa tukikubali hili, kesho mtu ataleta idara ya kilima cha kwao." Wengine wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Mwenyekiti hakucheka. "Kutamani nyumbani siyo taaluma," akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko kile kicheko. "Nionyeshe swali ambalo bila bonde lako haliwezi kujibiwa. Moja tu. Fanya darasa la majaribio muhula huu, nitakuja kuliona. Halafu utarudi hapa."

Nilitoka nikatembea kwa miguu kuteremka hadi barabara kubwa. Jacaranda moja ilikuwa imemwaga maua, na mfagiaji alikuwa ameyakusanya rundo moja la zambarau, akasimama kando anaitazama kazi yake kabla ya kuizoa. Nilisimama naye. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilihofia kwamba alikuwa amesema kweli.

Darasa la majaribio lilipewa Jumamosi mchana, chumba cha mwisho ghorofa ya juu, bila alama wala cheti. Walikuja wanafunzi watano. Jumamosi za mwisho wa mwezi walitoka moja kwa moja kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, viatu vina udongo mwekundu na mikono inanuka nyasi. Mmoja wao alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kuwa karani wa forodha mpakani Rusumo, mkimya, mwenye mwandiko mzuri sana. Ubao wa chumba kile ulikuwa umepasuka, kwa hiyo mama alinipa shuka jeupe la zamani na nikachora juu yake bonde zima kwa maka peni: mto, maziwa, vilima, vivuko. Nilichora kwa wiki nzima sebuleni, nimepiga magoti, na nilipomaliza nililitundika ukutani nikakaa kulitazama mpaka chai ikapoa. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kwetu kukiwa katikati ya kitu.

Wiki ya tatu nilitaka darasa lisikie habari za mafunjo kutoka kwa mtu anayeyajua kwa mikono. Pale sokoni Kabuga kuna mama muuza mikeka niliyezoea kununua kwake. Ni Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Burundi, amenizidi kama miaka kumi, na husuka akiongea bila kuangalia vidole. Nilimwomba aje. Alisita, akasema yeye shule aliishia darasa la pili. Nikamwambia ndiyo maana namtaka. Jumamosi hiyo alifika amevaa kitenge kipya na mwavuli mkononi, akasalimia kila mwanafunzi kwa kumshika mkono, kisha akasimama mbele ya shuka.

"Mwarimu, hii ni nini?"

"Ni bonde, mama. Huu ndio mto."

"Na mimi niko wapi?"

"Kwenu hasa ni wapi?"

"Cohoha. Pale kwenye ziwa."

Nikainua kidole kuonyesha, na kidole kikabaki hewani. Ramani yangu ilianza Rusumo. Chini ya maporomoko kulikuwa na upindo wa shuka, na chini ya upindo ukuta. Ziwa Cohoha, na jirani yake Rweru, ambako mto wenyewe unatoka, yangekuwa sakafuni, karibu na mguu wa kiti.

"Iko chini kidogo," nikasema.

"Chini wapi? Kwenye sima ya sakafu?"

Wanafunzi walicheka, naye akacheka nao. Kisha akaacha kucheka. "Mimi nilifikiri umeniita kwa sababu niko ndani," akasema.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile darasani. Miaka yote nililalamika kwamba tumeachwa pembeni mwa karatasi, na karatasi ya kwanza niliyochora mwenyewe nilimwacha mtu nje. Niliomba radhi. Yeye akaikunja midomo, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaketi.

"Haina neno. Ngoja niwaambie ya mafunjo, si ndiyo mliniitia?"

Akasimulia, na chumba kikabadilika. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemlaza mtoto. Alisema mafunjo ya Cohoha si yote yanayoshika ardhi. Mengine yanasimama juu ya mizizi yao yenyewe iliyofumana, na juu ya mizizi hiyo mtu anaweza kutembea, ingawa chini yake ni maji matupu. Asubuhi moja mama yake na shangazi yake waliingia humo kukata. Upepo ukaja. Wakasikia kitu kinapasuka taratibu, kama kitambaa kikuukuu, na walipoinua vichwa ufuko wa Burundi ulikuwa unaondoka. Kipande walichosimama kilikuwa kimekatika kikawa kisiwa. Walielea asubuhi nzima, wamekaa juu ya mafungu yao, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya wakaanza kusuka. Mchana kisiwa kikagusa upande wa Rwanda.

"Watu wa pale wakawapokea?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Waliwapa viazi. Wakalala huko siku mbili. Upepo ulipogeuka wakapanda kisiwa chao, wakarudi nyumbani. Mimi nilikuwa kadogo, nilisimama kwenye maji nikaona mama yangu anakuja amesimama katikati ya mafunjo, na mkeka umekwisha mkononi."

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza kwenye bati. Kisha yule karani wa zamani wa forodha, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amefungua mdomo, akauliza kwa uzito kabisa, kama yuko kazini:

"Mama, yale mafunjo waliyoyakata, na ule mkeka, vilikuwa vya nchi gani?"

Muuza mikeka akamtazama. "Sisi tulikuwa na desturi yetu kwa hiyo," akajibu. "Nyinyi wa ofisi hamkutuulizaga."

Nilirudi nyumbani jioni hiyo na shuka limekunjwa chini ya kwapa. Mama alikuwa barazani anachambua maharage, na mwanga wa mwisho ulikuwa umelala kwenye sinia. Nilimweleza yote. Nikamuuliza kwa nini, kati ya mahali pote, nilianzia Rusumo.

"Kwani uliniuliza mimi?" akasema. "Mto hauanzii pale. Sisi ndio tulioanzia pale."

Halafu, bila kuombwa, akanisimulia jinsi walivyovuka. Nilikuwa najua kwamba walivuka, lakini kama mtu anavyojua tarehe. Hakuzungumza juu ya hofu. Alisema walitembea muda mrefu hata akajifunza kutembea akiwa amelala, mkono mmoja umeshika kanga ya mama yake, na ndani ya usingizi huo alisikia maporomoko kwa mbali akadhani ni mvua ya nchi nyingine inayowakaribisha. Alikumbuka harufu ya mafunjo mabichi. Alikumbuka mwanamke wa ng'ambo aliyempa ndizi ya kuchoma na kumsemesha kwa lugha ambayo hakuijua lakini aliielewa nusu yake, na ile nusu ikamtosha asilie.

"Kwa hiyo ulichora maisha yetu," akasema. "Si vibaya. Ila usiyaite bonde."

Kesho yake nilimkuta ameliweka lile shuka mapajani. Amekata pazia la zamani la rangi ya maziwa, analiunga upande wa chini kwa sindano, mishono mikubwa isiyo sawa kwa sababu ya macho yake. "Haya," akasema, "sasa kuna nafasi ya ziwa la huyo mama."

Mwenyekiti alitimiza ahadi yake ya kuja. Alichagua siku tuliyopanga kwenda ziwani, nami nusura niiahirishe. Tulikodi basi dogo kutoka Kicukiro, tukateremka kusini, tukavuka daraja la Nyabarongo na kuingia katika tambarare ya Bugesera. Alikaa kiti cha mbele na suti yake ya kijivu, kando ya muuza mikeka, mwavuli wa mama huyo ukiwa umelala katikati yao, na njia nzima hawakuzungumza. Joto lilizidi. Vilima vilizama nyuma yetu kimoja kimoja, na nchi ikawa pana, ya vumbi na mihogo, na mimi nikasinzia kichwa kwenye kioo. Nilipozinduka tulikuwa tumesimama na mbele yetu kulikuwa na maji.

Cohoha ni ziwa jembamba. Ng'ambo unaona nyumba, unaona moshi wa jiko, unaona mtu na kazi anayoifanya. Mpaka ulikuwa umefungwa wakati huo, hakuna aliyevuka, na maji yalikuwa yametulia. Muuza mikeka alivua viatu akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Kisha akanyoosha mkono na kuanza kutaja vilima vya upande ule, kutoka kushoto kwenda kulia, jina baada ya jina, na baada ya kila jina neno dogo: hapa kuna kisima, hapa walikaa wasusi, hapa bibi yangu aliolewa akakimbia akarudi. Wanafunzi waliandika. Karani wa forodha aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya kiganja. Majina kadhaa, nilitambua, yalikuwa yaleyale ya vilima vya Karagwe, kana kwamba mtu aliyabeba na kuyapanda upya kwa kuwa alikosa mengine.

Ng'ambo mwanamke alikuwa anafua. Muuza mikeka alivua kitenge cha juu akakipunga. Yule wa ng'ambo alisimama wima, akatazama, na kwa muda nilidhani atainama tena. Akainua nguo aliyokuwa akiifua, nyeupe, akaipunga mara mbili.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Sijui. Mbali sana." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Inaweza kuwa mtu yeyote. Iko sawa tu."

Nilipogeuka nilimwona mwenyekiti ameketi juu ya jiwe, suruali imekunjwa, soksi ndani ya viatu. Alimsemesha muuza mikeka kwa Kirundi. Alimuuliza jina la ule upepo unaokata visiwa, ambao nilikuwa nimemsimulia. Muuza mikeka akamwambia. Mzee akarudia neno lile taratibu, kama mtu anayeonja, akasema yeye wa mjini hakuwahi kulisikia, akalitia kwenye karatasi. Aliuliza desturi ya visiwa. Naye akaeleza: aliyekuwa amesimama juu ya mafunjo yalipokatika, ndiye mwenye mafunjo hayo popote yatakapofika, lakini ufuko uliompokea una haki ya kupata mkeka mmoja uliosukwa njiani. Ilikuwa hivyo Burundi na hivyo Rwanda. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba hata kwenye maziwa ya Karagwe ilikuwa hivyo, ila huko waliomba samaki.

Wakati wa kurudi mwenyekiti alihamia kiti cha karibu nami. Ilikuwa alasiri, vumbi lilikuwa la dhahabu, na watu wote walikuwa wamelala.

"Sasa una swali," akaniambia kwa sauti ya chini ili asiwaamshe. "Sheria ya kisiwa kinachotembea. Mtu wa Rwanda peke yake hawezi kulijibu, na wa Burundi hawezi. Jibu bado huna."

"Bado."

"Vizuri. Mwenye jibu haraka mimi simwamini." Akafuta miwani, lakini safari hii hakusema neno gumu. Alitazama nje mpaka tulipofika Kicukiro.

Muhula wote uliobaki tulifanya kazi. Karani wa forodha alipanda mabasi kwenda Rusumo na kuwaita watu wa Ngara waliokuja sokoni. Mwanafunzi mwingine alipiga simu kwa ndugu zake wa upande wa Uganda. Mama yangu alihojiwa mara nne na kuanza kudai chai kabla ya maswali. Tulikuta desturi ileile kila mahali, na kila mahali ina tofauti yake ndogo. Tulikuta pia maneno ya umri wa funjo, tangu likiwa chipukizi hadi linapoinama, yanayofanana zaidi kutoka ziwa hadi ziwa kuliko yanavyofanana na lugha za miji mikuu. Karani aliyaandika yote katika kurasa ishirini za mwandiko ule mzuri, bila pambo lolote, na nilipozisoma nilijua kwamba ningekuwa na miaka yake na utulivu wake nisingepoteza muda wangu kwa bandari.

Tulirudi Kimihurura mwisho wa muhula. Nilitandaza shuka juu ya meza ya kamati, pamoja na kipande cha pazia. Mama mchumi aliinama akaigusa ile mishono.

"Mpaka wa eneo lako uko wapi?" akauliza. Hakucheka mara hii.

"Sijui bado," nikasema. "Nilichora mmoja, nikakosea. Mtu aliyeachwa nje ndiye aliyenionyesha. Nadhani kazi ya kwanza ya somo hili ni hiyo: kuuliza kila anayeishi pale bonde linafika wapi, na kuandika wanapotofautiana."

Walizungumza muda mrefu nikiwa nje kwenye benchi. Waliponiita, mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti kavu. Idara hapana. Shahada hapana. Lakini somo la hiari kwa mwaka wa pili, muhula mmoja, chini ya jiografia, na jina refu la kitaalamu nililolipendekeza limefutwa. Litaitwa Masomo ya Bonde la Mafunjo. Muuza mikeka hawezi kuandikwa mwalimu kwa kuwa hana vyeti. Anaweza kualikwa kama mgeni, mara nyingi kadiri nitakavyoona inafaa.

Nilikuwa nimetaka kikubwa zaidi, na kwa siku chache nilitembea nikiwa na huzuni niliyoificha. Muuza mikeka nilipomwambia hakuona huzuni iko wapi. "Mgeni analishwa," akasema. "Mwalimu halishwi." Na kweli, kila anapokuja wanafunzi humletea maandazi na soda, naye hula polepole huku darasa zima likimsubiri.

Sasa somo lina miaka michache. Kuna mihula wanakuja ishirini, kuna mihula wanakuja saba. Chuo kimoja cha Tanzania kimeniandikia kuuliza kama wanaweza kufundisha nusu yao na sisi yetu, nami nimewajibu kwamba tusigawe nusu, tukutane. Karani wa forodha anaandika tasnifu. Ananiletea sura moja moja, na ninapomrekebisha Kiswahili yeye hunirekebisha majina ya vivuko.

Jumapili iliyopita nilikuwa barazani nasahihisha mitihani. Ilikuwa ile saa ya baada ya misa ambapo Kabuga nzima inaonekana kuvuta pumzi moja ndefu. Msichana mmoja alikuwa amekosea karibu kila kitu: mwelekeo wa mto, majina ya maziwa, hata swali lenyewe. Lakini mwishoni, akiwa na nafasi ya mistari michache, aliandika kwamba kwao, karibu na mahali mto Ruvubu unapoingia Kagera, wanawake wakitaka kujua kama maji yatapanda huenda alfajiri kusikiliza mafunjo, kwa sababu mafunjo yanayokaribia kung'olewa hulia tofauti. Bibi yake anaisikia tofauti hiyo. Yeye bado, ila anajifunza.

Hili sikulijua. Halimo katika kurasa za karani, halimo katika kitabu chochote, wala mama yangu hakuwahi kulitaja. Nilisoma mistari ile mara tatu, nikaweka kalamu chini. Baadaye nikampa alama zake kwa haki, chache, na pembeni nikamwandikia namba yangu ya simu nikimwomba, kama hatajali, anipeleke kwa bibi yake.